Kwa Nini Ule Mpaka wa Masale Umepinda

Vijana wa kikundi cha mboga, kuku wenu nimemla. Alikuwa mgumu, nadhani mlimchagua kwa kutazama picha, lakini nimemla, kwa hiyo sina budi kusema. Mlikuja mmevaa buti za mpira ambazo hazijawahi kuona tope, mkaniamkia vizuri, mkasema mnataka siri ya nyanya. Mmoja wenu alikuwa ananirekodi kwa simu tangu getini, hata nilipokuwa namtukana mbwa. Haya, siri ya nyanya ni kuing'oa. Kupanda nyanya hata mlevi anapanda. Kuing'oa ikiwa bado ina matunda mabichi, kwa sababu tu msimu unageuka, hapo nimeona wanaume wazima wakitokwa machozi.

Nililea miche kwenye kitalu cha Mzee Aminieli tangu nikiwa na Haika wangu mgongoni, hadi Haika mwenyewe akaniletea wajukuu wa kubeba. Ndilo shamba lile lile ambalo mmekodishwa kipande chake na Godlisten, mwanawe. Mliniuliza dawa, mkaniuliza mbolea, mkaniuliza kama nina mawasiliano ya wanunuzi wa Dar. Ni yule binti mwenye miwani peke yake aliyeuliza swali la maana. Aliuliza kwa nini mpaka wa masale kule chini unakuja umenyooka, ukifika katikati unaingia ndani ya shamba lenu, upande wa kibanda chenu cha pampu, unazunguka, halafu unarudi kwenye mstari. Nilicheka hadi nikakohoa, na bahati mbaya mkaja kuniletea maji badala ya kusubiri jibu.

Jibu lenyewe ni refu, kaeni.

Huku mteremkoni kiangazi hakiagi. Leo unamwagilia nyanya asubuhi na jioni, vumbi limejaa puani, umegombania maji na jirani hadi hamsalimiani kanisani. Kesho kutwa mlima umejifunika, upepo unapanda kutoka tambarare na harufu ya mvua ya watu wengine, na ukizubaa masika yanakukuta na nyanya shambani. Nyanya na masika havipatani. Ukungu unaanzia majani ya chini, mahali ambapo mvivu hainami kutazama, na siku unapougundua shamba zima ni jeusi na linanuka. Kwa hiyo unang'oa mapema, mabaki unayachoma mbali, unaingiza kabichi na karoti.

Miche ya kabichi iwe imeshakomaa kitaluni, na isiwe imedekezwa. Siku za mwisho unaipunguzia maji ili izoee shida. Nimeona miche iliyomwagiliwa kwa huruma ikapelekwa shambani na kulala chini kama mgonjwa, na mwenyewe anasimama pembeni kuilaumu mbegu. Na unapoihamisha unaishika jani, huishiki shina. Jani likikatika linaota jingine, shina likiminywa mche umekwisha, hata kama utaendelea kusimama siku mbili tatu kukudanganya.

Hayo nilifundishwa na Bibi Ndeshi, jirani wa chini ya shamba, ambaye alishika kitalu kile kabla yangu, enzi za baba yake Mzee Aminieli. Alinifundisha kwa kunipiga vidoleni kwa kijiti. Kiangazi kikikaribia mwisho alikuwa anachomeka mkono kwenye udongo mchana, halafu anatangaza mvua inakuja lini. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema mvua ndiyo iliyokosea, na hakuna aliyethubutu kubisha. Mumewe alipofariki aliacha kazi akarudi kulima kipande chake, kilichotenganishwa na shamba letu na safu ya masale ambayo marehemu aliipanda kwa mkono wake. Mmeyaona masale: ile mimea yenye majani marefu, ambayo mtu wa Dar anaipanda kwenye chungu sebuleni akidhani ni urembo.

Godlisten yeye hakuchomeka mkono popote. Alirudi kutoka Dar na simu inayotabiri hali ya hewa, akawa anatusomea kila asubuhi kama somo la Jumapili. Simu ikisema jua, tunalowa. Ikisema mvua, tunaanika mahindi. Mwaka mmoja masika yakikaribia alisafiri hadi Holili akarudi na mbegu za kabichi kwa sababu pakiti ilikuwa na picha nzuri. Zikaota, zikanenepa, zikafika magotini, na hazikufunga. Majani tu, yamefunguka kama mtu anayesubiri kukumbatiwa. Tukawapa ng'ombe, na wiki ya pili hata ng'ombe wakawa wanageuza uso. Nawaambia hili kwa sababu nimeona pakiti mlizonunua, na zina picha nzuri sana.

Sasa Mzee Aminieli. Mungu amrehemu, alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kila kikao cha harusi, na mtu asiyemwamini hata kivuli chake inapofika habari ya maji. Mfongo wetu mnaufahamu, ule mtaro wa wazee unaoleta maji kutoka mtoni huko juu. Kila familia ina zamu yake. Ikifika zamu yako unaziba mfongo mkubwa chini kidogo ya mchepuko wako, ule mtaro mdogo wa shambani kwako, maji yanageuka yanaingia kwako. Na wazee walizibia vitu gani? Vipande vya mgomba, mawe na magugu. Takataka, ungesema. Lakini mvua kubwa ikishuka ghafla, takataka zile zinasukumwa zinakwenda zake, maji yanapita mfongo mkubwa hadi korongoni, na shamba lako linabaki salama. Kizibo kile kiliwekwa dhaifu kwa makusudi.

Mzee Aminieli hakupenda udhaifu. Kiangazi kimoja maji yalikuwa machache, na aliamini usiku na mchana kwamba Bibi Ndeshi anamchomolea mgomba kwenye zamu yake. Akaenda Moshi kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na bamba la chuma. Akajenga nguzo za zege kushoto na kulia mwa mfongo, akawa akianza zamu yake analishusha bamba, anapitisha mnyororo, anafunga kufuli. Kila kitu alichowahi kununua mzee yule kilikuwa cha bei ya chini na kilivunjika mapema, isipokuwa lile kufuli.

Wanachama wa mfongo walimwambia alitoe. Akajibu kwamba mwenye hofu na kufuli ni mwizi. Maneno hayo aliyasema akimtazama Bibi Ndeshi, mbele ya watu, mwanamke aliyemfuta kamasi akiwa mtoto. Bibi alisikia. Alifunga kanga yake akaondoka.

Mwisho wa kiangazi kile nilimwambia tung'oe nyanya. Akasema wiki moja zaidi. Nikamwambia mlima umejifunika. Akasema mlima ni wa watalii. Miche yangu ya kabichi ilikuwa tayari kitaluni, imekomaa vizuri kuliko miaka yote, inasubiri nafasi ambayo nyanya zimeikalia. Siku ya zamu yake akashusha bamba, akafunga, akaweka ufunguo kwenye koti, akateremka Moshi kwenye kikao cha harusi.

Mvua ilianza mchana. Huko juu msituni ilikuwa imeanza mapema zaidi, maana maji yaliyofika kwetu yalikuwa mekundu na yamebeba matawi. Nilikimbia kwenye bamba nikamkuta Bibi Ndeshi ameshafika na jembe, analowa, anajaribu kuchimba pembeni ya zege. Mfongo wote ulikuwa unaingia kwetu. Nikampigia mzee simu.

"Mvua ipi?" akaniuliza. "Mimi hapa natoka jasho."

Na kweli, Moshi mjini jua lilikuwa kali, nilisikia hata feni inavuma nyuma yake. Nikamweleza kwamba maji yamejaa, atume ufunguo kwa bodaboda sasa hivi. Akauliza nani yuko karibu yangu. Nikamwambia Bibi Ndeshi, kwa kuwa nilikuwa bado nadhani ukweli unasaidia.

"Alaa. Mwambie Ndeshi zamu yake ni kesho."

Akakata simu. Nikapiga tena, ikawa haipatikani. Tukalipiga kufuli kwa jembe, kwa jiwe, Godlisten akaja na nyundo, mpini ukachomoka. Kufuli likawa linatutazama tu. Maji yakavunja kingo za mchepuko, yakapita katikati ya nyanya, yakafika kitaluni. Niliona miche yangu ikinyanyuka na udongo wake, kitanda baada ya kitanda, ikaenda. Nilikaa chini kwenye tope nikalia, sioni aibu kusema. Kutoka hapo maji yakaangukia kwa Bibi Ndeshi, yakang'oa safu ya masale ya marehemu mumewe, yakafukia karoti zake zote. Bibi alisimama, ameshika mzizi mmoja wa isale uliobaki.

Mzee alirudi jioni na viatu vikavu. Akatazama shamba, akatazama mlima. Swali lake la kwanza, haki ya Mungu, lilikuwa kama kufuli liko salama.

Kikao cha mfongo hakikuchukua muda. Bamba likatolewa, na mchepuko wetu ukazibwa kwa mawe mpaka hapo Mzee Aminieli atakapompelekea Bibi Ndeshi isale. Nyinyi mnaopelekeana vikaragosi vya kulia kwenye simu, nisikilizeni hapa. Kwetu Uchaggani aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, huwezi kumkatalia msamaha, hata kama alikuchomea banda. Ndiyo maana halibebwi ovyo. Na masika yakiisha hakuna mboga bila mfongo, manyunyu ya kipupwe hayalishi hata mchicha. Godlisten alikuwa ameshaanza kusema shamba likatwe viwanja. Wanawake wote tuliolima pale tulikuwa tunahesabu kwamba jani hilo lisipokwenda, tunarudi nyumbani mikono mitupu.

Mzee akasema haendi. Akagundua ghafla kwamba yeye ni Mlutheri na isale ni mambo ya kipagani. Mlutheri huyo huyo alikuwa amezungushia masale kaburi la baba yake, na kila Krismasi anayapunguza majani kwa mkasi. Mchungaji alipoulizwa akasema jani ni jani, na Bibi Ndeshi naye ni Mlutheri na anakaa benchi la mbele, kwa hiyo asitafutiwe kisingizio kanisani. Mzee akahamia kwenye mguu, ukawa unamuuma. Kisha kifua.

Ndipo Godlisten akapata wazo. Alikata jani la isale, akalitia kwenye mfuko wa zawadi wenye utepe, akaongeza kreti ya soda, akampa kijana wa bodaboda apeleke. Akampiga na picha, nadhani za ushahidi. Sisi tulisimama getini tukisubiri, wengine wakiomba kimoyomoyo. Bodaboda ikarudi haraka kuliko ilivyokwenda, na mfuko wake, na utepe wake. Kijana wa watu alikuwa ameduwaa. Alituambia bibi alilitazama jani, akamtazama yeye, akamuuliza kwa upole kabisa, "Umenikosea nini, mwanangu?" Akajibu hajamkosea kitu. "Basi rudi na jani lako," bibi akamwambia, na soda akamwambia anywe yeye, maana amechoka na barabara.

Nilikwenda moja kwa moja sebuleni kwa mzee. Nilikuwa na hasira ya miche yangu, hasira ya kazi yangu, na hasira ya kumwona Godlisten anakunja utepe vizuri ili utumike tena. Nikamwambia, "Mzee, mvua hizi ndizo za mwisho. Usipokwenda, Jumatatu naanza kulea miche kwa Bibi Ndeshi, na wanawake wote wanakuja nami. Utabaki hapa na kufuli lako." Mke wake, aliyekuwa anasuka mkeka pembeni, akainuka akaenda kumletea koti.

Tulikwenda kwa miguu, mimi na yeye, manyunyu yanatuangukia. Alilificha jani ndani ya koti kama kitu cha wizi. Bibi Ndeshi alikuwa anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Alituona tangu mbali na akaendelea kukata hadi tulipofika miguuni pake. Mzee akasema shikamoo, na sauti ikagoma, akarudia. Akaitikiwa. Akalitoa jani, akalipeleka kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mama. Nilikuita mwizi na nikakuharibia."

Bibi akalipokea. Nilidhani nitacheka siku hiyo, nilikuwa nimejiandaa kabisa, lakini uso wa mzee ulikuwa umepondeka na kicheko kikanipotea. Bibi Ndeshi akaligeuza jani huku na huku, taratibu, kiasi cha mtu kujuta maisha yake yote. Halafu akasema, "Hili nimelipokea. Sasa twende kwenye yale mengine."

Mzee akauliza yapi.

"Yale mengine yaliyosombwa. Mvua bado ipo, yatashika."

Akamkatia mzee vipande vya masale kutoka uani kwake, akampa jembe, akabebewa kigoda chake hadi mpakani, akakaa. Mzee wa kanisa akavua koti. Maji yalikuwa yamefuta kila alama, palikuwa tope tupu kutoka kwetu hadi kwake. Alichimba shimo la kwanza, akachomeka, akashindilia kwa kisigino. Bibi akasema vizuri. La pili, vizuri. Hivyo hivyo mpaka karibu na katikati.

Hapo katikati, vijana wangu, ndipo mafuriko yalipotua. Udongo wote wa kitalu changu, udongo mweusi ambao nimeupikia samadi miaka na miaka, nikauchekecha kwa mikono hii, ulikuwa umeteremka ukajilundika pale, upande wetu wa mpaka. Bibi Ndeshi alikuwa ameuona zamani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuutengeneza.

"Hapa?" mzee akauliza, ameinua jembe.

"Sogea kidogo."

Akasogea. "Hapa?"

"Kidogo tena."

Mtu aliyeshika isale dakika chache zilizopita hawezi kubishana juu ya hatua. Alisogea, akachimba, akasogea, akachimba, anaingia ndani ya shamba lake mwenyewe kinyumenyume, jasho na manyunyu vimechanganyika usoni. Alipokwisha kuuzunguka ule udongo wote, bibi akamrudisha taratibu kwenye mstari. Mimi nilijua mpaka wa zamani ulipopita, naujua hata nikifumba macho. Nilikuwa nimeshika ndoo ya vipande vya masale. Nikaendelea kuishika.

Mchepuko ulifunguliwa wiki ile ile, wanachama wakaziba kwa mgomba na mawe. Nilianza kitalu upya kwenye udongo wa kawaida na ilinichukua miaka kuurekebisha. Mzee na Bibi Ndeshi wakawa wanasalimiana kanisani, tena mzee ndiye aliyekuwa anamshika bibi mkono kwenye ngazi. Juu ya mpaka mzee hakuwahi kusema kitu, isipokuwa kila akipita pale alikuwa anatazama pembeni. Na mkijiuliza kwa nini karoti za jirani ni nene kuliko zenu, msihangaike kubadili mbolea.

Juzi nilipita kwa fundi wa kuchomelea kutengenezewa jiko. Nikaona bamba la chuma limeegemezwa ukutani, bado jipya, limepakwa rangi nyekundu. Nikauliza la nani. Akasema ni la vijana wa kikundi cha mboga, wale wa kanisani, watakuja kulichukua Ijumaa, kufuli wameshanunua.

Bibi Ndeshi anatembelea mkongojo siku hizi, na macho yamefifia. Lakini kigoda anacho, masale anayo, na kuanzia pale mpaka unapopinda hadi kwenye kibanda chenu cha pampu bado pana nafasi nzuri tu ya kusogea kidogo.